Mstari Uliofutwa, na Mayai ya Shangazi

Mpaka leo nikiona namba imetulia tuli kwenye skrini, siiamini. Watu wanapenda namba iliyotulia. Mimi naiogopa kama nyoka.

Shangazi yangu wa Chekalini alipoolewa, mama yake, yaani nyanya yangu, alimpa tembe mmoja wa kienyeji mwenye madoadoa. Kuku wote waliowahi kuparura uani kwa shangazi walitoka kwa huyo mmoja. Nyanya alikufa, kuku wakabaki, na shangazi alikuwa akiwatazama na kusema, "Hawa ndio mama." Halafu ugonjwa wa kuku ukapita kijijini, ukamaliza banda zima. Yakabaki mayai tu, ya mtetea wa mwisho, na hakuna kuku wa kuyalalia. Shangazi akanipigia simu huku Shirere ninakopanga: "Si wewe unatengenezanga ile sanduku ya kuangua vifaranga? Leta."

Ile sanduku ni inkubeta: mbao nyembamba, balbu ya kupasha joto, feni, na kompyuta ndogo isiyozidi kiberiti, inayosoma kipimajoto na kuwasha au kuzima balbu. Programu yake si yangu peke yangu. Ni programu huria; mtu yeyote duniani anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bure. Msimamizi wake ni bwana mmoja wa ng'ambo ninayemjua kwa maandishi tu, na mimi ni mmoja wa wanaomsaidia.

Wiki hiyo programu ilikuwa imekataa kujengeka. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ilikuwa imetoka toleo jipya, na toleo hilo halikulitambua chaguo moja kati ya machaguo tuliyokuwa tukiipa. Ikagoma. Kila aliyejaribu alipata makosa mekundu ukurasa mzima. Sasa badala ya kutoa hilo chaguo moja, bwana msimamizi akafuta mstari mzima uliobeba machaguo kadhaa. Mstari mzima, jamani! Akaandika kwamba ni takataka za zamani. Alama ya kijani ya kuonyesha programu imejengeka ikawaka, watu wakapongezana, nami nikachukua toleo jipya nikaenda nalo Chekalini.

Ndani ya ule mstari kulikuwa na chaguo jingine, lisilo na kosa lolote, linaloitwa -fno-strict-aliasing. Ukiliondoa, kompaila inaruhusiwa kuamini kwamba kitu kilichoandikwa kama namba nzima na kitu kinachosomwa kama desimali haviwezi kuwa kitu kimoja. Majina mawili, basi vitu viwili. Kwetu kanuni hiyo ingevunjika kabla ya chai ya asubuhi: shangazi huyo huyo, nyanya alikuwa akimwita "mama" kwa sababu alirithi jina la mama yake nyanya, na majirani wanamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Programu yetu nayo ilikuwa na tabia za kwetu. Joto liliingia kwenye kumbukumbu kama namba nzima, likasomwa pale pale kama desimali. Kompaila ikaona hakuna haja ya kuangalia tena. Basi programu iliyotoka humo ikawa inalisoma joto mara moja tu, mwanzoni, na kushikilia hilo hilo. Na hakuna jaribio lililotuonya, maana sote huwa tunajaribu kwa lile toleo linalojengwa upesi, ambalo kompaila haijaliongezea kasi kama lile la kuweka kwenye sanduku, na humo kosa hili halionekani kabisa.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile sanduku lilikuwa tayari limepata joto, nikaweka programu mpya, skrini ikaonyesha nyuzi thelathini na sita nukta nane. Tulitaka thelathini na saba na nusu. Nikasema ah, itafika tu, inapanda. Tukapanga mayai, shangazi akafunika sanduku kwa leso, akatangazia boma zima kwamba hapo hapafunguliwi. Kuku akilalia mayai hasumbuliwi, hata jicho la mgeni halitakiwi. Namba tu ndiyo aliyoiacha wazi.

Kesho yake, mchana, nimesharudi Shirere, akanipigia, sauti imejaa furaha.

"Mtoto wangu, mashine yako iko na adabu! Tangu jana inasema thelathini na sita nukta nane. Haitingishiki! Hata jua limechoma bati namna gani, yenyewe imekaa tu."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sikumbuki nilikiweka wapi. Joto la kweli hupanda na kushuka, walau kidogo. Halikai mahali pamoja tangu jana.

"Shangazi, fungua."

"Nifungue nini?"

"Sanduku! Fungua saa hii!"

"Wewe! Kuku akilalia mayai hafunguliwangi, si unajua..."

"Shangazi, nakuomba, fungua!"

Nikasikia kifuniko kikilia. Kisha, "Woi! Woi, mama yangu!" Balbu haikuwa imezimika hata mara moja. Programu iliamini sanduku bado lina ubaridi kidogo, ikaendelea kupasha na kupasha. Shangazi akapasua yai moja, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyepigwa kofi kanisani, "Limeiva. Mtoto wangu, limeiva."

Njiani kwenda huko niliusoma kwenye simu ule mstari uliofutwa, nikaona kosa, nikamwandikia msimamizi: rudisha lile chaguo, programu inasoma joto mara moja tu. Jibu lilinikuta jikoni kwa shangazi. Kwake programu inajengeka vizuri, msimamizi alisema. Tena akauliza: je, kuna madhara yoyote yaliyotokea kweli, ama hili ni jambo la nadharia?

Nadharia! Nikatamani kumtukana kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kiluhya, kimoja baada ya kingine. Mayai yalikuwa kwenye karai mbele yetu, yamepoa.

Shangazi, ambaye tangu nifike hakuwa amelia wala kunilaumu, aliniuliza nasoma nini. Nikamwambia kuna mtu anauliza kama kuna kitu kimeharibika.

"Kwani hajui?"

"Hajui."

Akavuta karai karibu naye. "Basi mwambie mama yangu alinipa kuku nikiolewa. Mwambie wamekwisha."

Nikaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza, sikuongeza neno. Shangazi akataka nimsomee kwa Kiswahili, asikie kama ndivyo alivyosema. Nilipofika kwenye "wamekwisha", akakaa chini sakafuni, akalia.