Sahani ya Kuvunja Jungu

Jaruba langu la mpunga aliniomba shoga yangu mwenyewe. Hakutuma mtu. Alifunga duka lake la vitambaa Mlandege, akaja bondeni, juu kidogo ya Mtoni, akanikuta nang'oa magugu. Tumekua ukuta kwa ukuta, tukachezwa unyago pamoja. Nisingemsikiliza yeye ningemsikiliza nani?

"Mto huu tumeubana, shoga," aliniambia. "Taka huku, matuta kule, ndiyo maana kila masika maji yanatuingilia majumbani. Tuuachie bonde lake, tupande miti, na watu wapate pahala pa kupunga upepo."

"Na miye ntalima wapi?"

"Wewe utakuwa mwenyeji. Kila mwaka jungu tutalivunjia hapa hapa, nnakuahidi."

Nikampa. Jaruba lile nililirithi kwa mama, nalo ndilo lililonilisha nilipofiwa na mume. Nililitoa kwa moyo mmoja, kwa sababu ya hiyo siku ya jungu: kula pamoja nje ya mji kabla ya Ramadhani, wanangu na wanawe, kama tulivyofanya tulipokuwa wasichana.

Wallahi tulifanya kazi. Wanawake wa mtaa mzima tulitoa matairi, makochi mabovu, na mambo mengine nisiyotaka kuyataja. Tuta la kwanza kubomolewa lilikuwa langu, na jembe nililishika mimi. Masika yale maji yalitambaa bondeni yakatulia, majumbani hayakuingia. Mizambarau ikashika, ndege yangeyange wakarudi. Nililipenda bonde lile kuliko lilipokuwa langu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Shoga akawa mwenyekiti wa kamati. Ukaja ua wa waya; akasema ni wa kulinda miche, nikaamini. Kisha likaja geti, na mlinzi wake.

Siku ya jungu nilifika na sufuria langu la pilau, wanangu na wajukuu nyuma yangu. Mlinzi akaniamkia vizuri, kisha akasimama mlangoni.

"Samahani, bi mkubwa. Leo pana wageni wa kamati. Wanaingia wenye kadi tu."

Nikachungulia. Mikeka ilikuwa imetandikwa pale pale lilipokuwa jaruba langu, na shoga yangu amekaa katikati ya wake za wakubwa, anacheka. Akaniona. Nikampungia mkono. Akaweka sawa mtandio wake, akanipa kisogo.

Baadaye kidogo mlinzi akaniletea sahani ya biriani, imefunikwa kawa.

"Katoa bi mwenyekiti. Kasema mle hapa nje kivulini, msione vibaya."

Afadhali angenitukana. Kuniletea chakula nje ya geti, kama mwombaji, mbele ya wajukuu zangu!

Sasa kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, na yeye anajua hivyo. Biriani nilimpa mlinzi ale, hana kosa. Nikateremka pale maji yanapopita chini ya waya, nikachota tope jeusi, nikaijaza sahani, nikalisawazisha kwa kiganja, nikafunika kawa yake.

"Mrudishie," nikamwambia mlinzi. "Mwambie jaruba hakulimaliza, hili limebaki."

Nikasimama pale pale, nimeshika waya, mpaka nilipomwona shoga anafunua.