Jiwe Lililofuliwa

Dobi huyu watu walimwita Madoa. Si kwamba alikuwa na doa popote. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna doa lililowahi kumpita salama. Ukimpelekea shati lililomwagikiwa wino mfukoni, alilitazama kwanza kana kwamba limemtukana mama yake, kisha akakunja mikono, na siku ya kulichukua ulijiuliza kama kweli ni lako. Mtu wa namna hiyo ana sifa zake, lakini Mungu asikupe kuishi naye nyumba moja. Mkewe aliweka kikombe mezani, na kabla hajaketi kilikuwa kimeshaoshwa, chai yake hajaionja.

Aliyemwingiza kwenye mambo ya samaki ni mkwe wake, mke wa mwanawe, fundi wa kukata vioo vya miwani. Tangu aolewe, wawili hao hawakuwa na la kuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Siku moja Madoa alikwenda kuwatembelea, akakuta sebuleni tangi la maji ya chumvi lililoachwa na marehemu baba wa mkwe huyo. Akavuta kiti. Mkwe akamwonyesha samaki mmoja mmoja, nani mchokozi, nani mwoga, nani anajifanya bosi, na mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliporudi nyumbani alisema anataka tangi la kwake, dogo tu, pale dukani karibu na meza ya pasi.

Mkwe alifurahi kupita kiasi. Alilichukua jiwe alilolithamini kuliko yote tangini, lile ambalo baba yake alilitunza miaka mingi, akalipasua kwa tindo, na nusu yake akamletea mzee ndani ya ndoo ya maji ya chumvi.

"Baba, jiwe hili lina uhai," alimwambia. "Ndani yake wamo viumbe wadogo wadogo, wengine hata huwaoni. Hao ndio wanaosafisha uchafu wa samaki. Litie kwenye tangi hivihivi lilivyo, halafu tungoje maji yatulie. Samaki baadaye."

"Hivihivi," Madoa akaitikia. Lakini macho yake yalikuwa yameshaganda kwenye lile jiwe. Lilikuwa na utelezi wa kijani na mabaka ya zambarau, lilinuka matope, na kwenye tundu moja kitu chenye miguu mingi kilichungulia kikarudi ndani. Mwingine angevumilia. Yeye alimsindikiza mkwe mpaka nje, akarudi, akabandika sufuria. Alilichemsha jiwe, akalisugua kwa sabuni na brashi ya kola, akalisuuza, akalichemsha tena. Lilitoka jeupe pe! Akalitumbukiza tangini, na kesho yake akanunua samaki wawili, maana hata kungoja kwenyewe kulimshinda.

Wateja wakasifia, na Madoa kichwa kikamvimba. Haikupita muda maji yakafanya ukungu, samaki wakawa wanahema juu juu, na asubuhi moja akawakuta wote wawili wamelala ubavu. Alimkimbilia muuza samaki, akamsimulia mambo yote. Muuzaji hakuzunguka.

"Mzee, umeliua jiwe. Hao viumbe ndio waliokuwa wafanyakazi wako wa usafi humo ndani. Umewapika."

Hapo ndipo aibu ilipoanza, na aibu ya mtu mzima ina akili mbaya. Mteja wa kwanza alipouliza samaki wamekwenda wapi, jibu lilimponyoka Madoa kabla hajalifikiria: "Jiwe nililopewa na mkwe lilikuwa bovu." Wa pili alipouliza akamjibu hivyohivyo, na wa tatu akamtilia chumvi. Jioni, akikunja mashuka ya watu, alijichukia kabisa, akaapa kwamba kesho atasema kweli. Kesho ikaja, akajikaza kisabuni, akausema uongo uleule, safari hii kwa mkewe.

Kwa mkewe habari zikafika kwa mwana, na kwa mwana zikafika kwa mkwe. Siku alipokuja, duka lilikuwa na wateja. Aliingia ameinamia upande mmoja kwa uzito wa ndoo, akaitua sakafuni.

"Shikamoo, baba. Nimesikia habari za samaki. Nisamehe, nilikupa jiwe bovu bila kujua. Nimekuletea nusu iliyobaki. Hili nimelikagua mwenyewe."

Madoa aliinamia pasi yake. Dereva wa teksi aliyekuwa akisubiri suruali yake akatikisa kichwa.

"Kumbe ndiye huyu? Una roho nzuri, dada. Mwingine asingethubutu kuja."

Mkwe alitabasamu kwa unyonge, akapandisha mkono wa gauni lake, akaliinua jiwe. Madoa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Lirudishe kwenye ndoo," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Mwanangu, jiwe lako halikuwa na ubaya wowote. Nililichemsha. Nililifua kwa sabuni. Nimewadanganya hawa wote, nikamdanganya na mke wangu, nikakuachia wewe lawama."

Dereva alijifanya anasoma bei ukutani. Mkwe alilirudisha jiwe majini taratibu, akajifuta mkono kwenye gauni.

"Nimeshampigia mama yangu mzazi simu, baba. Nilimwambia jiwe la marehemu lilikuwa bovu, kwamba huenda halikutunzwa vizuri zile siku za ugonjwa wake. Siku hizo mama ndiye aliyekuwa akilitunza. Amelia sana."

Madoa alizima pasi. Alivua aproni, akawaomba wateja radhi, akawaomba watoke.

"Nipeleke kwake," alisema. "Nitamwambia mimi."

"Utamwambia wewe," mkwe akajibu.

Mzee alinyoosha mkono kumpokea ndoo. Mkwe hakumpa. Aliibeba mwenyewe, maji yakimmwagikia viatuni njia nzima, na mzee akamfuata nyuma mikono mitupu.