Tovuti Hii Ilikatiwa Nani?

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Futi alikula kwa cherehani. Ukimletea gauni la mtu asiyemjua, alikuambia ni mtu wa umbo gani na bega lipi linapanda. Kisha nguo za viwandani zikauzwa bei ya bure, wateja wakapukutika, naye akiwa na miaka arobaini na saba akajiandikisha darasa la kutengeneza tovuti. Wifi yake alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wifi, kompyuta haina pedeli!"

Alimaliza darasa hivyo hivyo. Akaomba kazi mara nne, mara nne akaambiwa atapigiwa, na simu ikatulia kama maji mtungini. Hii ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho. Alishamwahidi mumewe kwamba akiikosa, habari za kompyuta hazitasikika tena nyumbani.

Waombaji walikuwa watatu, yeye na vijana wawili ambao angeweza kuwazaa. Mkurugenzi wa kampuni hiyo ya tovuti, naye kijana tu wa miaka thelathini hivi, aliwasha skrini ya ukutani akawaonyesha tovuti ya kliniki ya magoti. Pembeni alikaa daktari mwenye kliniki, mtu mzima wa mvi, amekuja kukagua tovuti yake, iliyokwisha kuanza kutumika.

"Itazameni vizuri, kisha mniambie imetengenezewa nani," akasema mkurugenzi.

"Wazee," wakajibu vijana karibu kwa pamoja, wakionyesha picha ya bibi mwenye mkongojo. Mkurugenzi akaandika, ameridhika.

Mama Futi aliomba kipanya. Picha hata hakuigusa. Fundi huigeuza nguo ndani nje akasoma mishono, na ndivyo alivyofanya: akafungua fomu ya miadi, akasoma kisanduku kimoja kimoja, akashuka mpaka mwisho wa ukurasa. Vijana wakaanza kukonyezana.

"Hii si ya wazee," akasema.

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. "Mama, nimeichora mwenyewe. Ni ya wazee."

Angeweza kucheka, akaomba radhi, akaenda zake nyumbani. Mficha uchi hazai, akajisemea.

"Umeichora wewe, mwanangu, lakini maneno hukuyasoma. Swali la kwanza la fomu: 'Mgonjwa ni nani wako?' Mzee atajibu nini hapo? Saa za kupigiwa simu ni saa sita hadi saa nane mchana, watu wakiwa kwenye mapumziko ya kazini. Maandishi madogo, tena ya kijivu. Kama ni ya wazee, basi umewakomoa! Na hapa chini: 'Wewe unayemwinua, nawe pumzika.' Hii ni ya binti. Au ya mkwe. Yule anayemwinua mzee asubuhi, kisha anakimbilia kazini na mgongo unamuuma."

"Umejuaje yote hayo?" akauliza mkurugenzi.

"Nimemwinua mama mkwe miaka sita."

Daktari alitoa simu, akampigia karani wa kliniki na kuweka spika. "Miadi ya wiki hii, ni akina nani waliojaza fomu?"

Karani akahesabu. "Fomu thelathini na moja, daktari. Wagonjwa wenyewe wawili tu. Waliobaki ni mabinti na wake za watoto wao."

Daktari akakata simu. "Maneno ya fomu aliyatunga mke wangu," akasema polepole. "Mama yangu tunaishi naye. Mke wangu ndiye anayemwinua. Mimi niliyapokea, nikayaleta hapa, wala sikuyasoma."

Mkurugenzi uso ulimshuka, lakini alikuwa muungwana. Akasimama, akampa mkono. "Mama, Jumatatu saa mbili asubuhi. Utaanza na tovuti hii hii."

Mama Futi aliitikia kwa adabu, akafunga mlango nyuma yake kwa adabu, akapiga hatua tatu za adabu ukumbini. Ya nne ikamshinda. Akapiga kigelegele ambacho kiliwatoa watu ofisini mwao.

"Kuna nini? Nani anaolewa?" katibu akauliza, miwani mkononi.

"Haolewi mtu! Nimepata kazi!" akasema, akapiga cha pili, kirefu kuliko cha kwanza.