Kiden Akataa Bati

Kiden hana simile. Mimi nashona viatu hatua tatu kutoka kibanda cha mwanamke huyu hapa Kator, kwa hiyo nasema ninachokijua. Ufundi wa baiskeli alijifunza kambini Uganda, akarudi nao Juba, na tangu siku ya kwanza mafundi wenzake wanamcheka kwa sababu anapima kila kitu kwa rula ya shule. Wao hupima kwa jicho na nyundo.

Jumatatu moja Yafesi, Mganda anayekaanga chapati karibu na kanisa kuu, alileta baiskeli yake kuukuu ya milimani, fremu nzito, rangi imebanduka karibu yote. Foko yake, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imepinda. Alikuwa amenunua nyingine sokoni Konyo Konyo, mpya inayong'aa, na aliitaka ifungwe siku hiyo hiyo. Kila asubuhi humpakia binti yake Shallon kwenye keria na kushuka naye ule mteremko wa kuelekea bandarini mpaka shuleni. Shallon ana miaka saba.

Kiden aliweka rula mdomoni mwa shingo ya fremu, kisha kwenye bomba la foko mpya. Akapima tena. Bomba lilikuwa jembamba kwa milimita tatu, na vikombe vya gololi vilivyokuja na foko vilicheza ndani ya shingo. Akamwambia haifungiki. Fremu hii ya zamani ina shingo nene, inataka foko yenye bomba nene. Ampe siku mbili amtafutie.

Yafesi akanuna, akavuka njia kwenda kwa Robinson, mkubwa wa mafundi, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Robinson alikata kopo la soda, akalizungusha bati lake kwenye vikombe, akagonga mpaka vikakaza. Nikiri, hata mimi nilidhani kazi imekwisha. Alisema mafi mushkila, hakuna shida, halafu akapaza sauti ili Kiden asikie: kuna waliorudi kutoka ukimbizini na akili, na kuna waliorudi na rula.

Mimi hasira zilinipanda. Kiden alivuka njia, akasimama mbele ya gurudumu, akaushika usukani. Yafesi alimsihi ampishe, mtoto anamngoja. Robinson akamwamuru arudi kwake. Hakusogea. Akawaeleza kwamba bati la soda hulika: leo limekaza, baada ya wiki moja ya mashimo ya barabarani linalegea, na siku Yafesi atakapokamata breki kwenye mteremko, shingo itayumba na mtoto ataanguka. Wakamcheka tena, na watu wakaanza kujaa.

"Mzee Robinson," alisema Kiden, "mimi baiskeli yote nafunga, mimi napanda kwanza. Hii wewe nafunga. Sasa panda. Weka Betty nyuma, enda naye mpaka chini."

Betty ni kitinda mimba wa Robinson, anauza chai pale pale pembeni ya baba yake. Yeye hakuona ubaya wowote. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaja anacheka, akainua mguu akae kwenye keria.

Robinson akamdaka mkono.

"Wewe hapana," alisema. "Rudi kwa chai yako."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hakuna aliyecheka sasa. Yafesi alimtazama Betty akirudi kwenye birika lake, akamtazama Robinson, ambaye ghafla alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye sanduku la spana. Kisha akaisukuma baiskeli kuvuka njia, akailaza mbele ya kibanda cha Kiden, na kwa mkono wake mwenyewe akaanza kulibandua lile bati.

"Siku mbili, nyabo," alimwambia, kama Waganda wanavyomwita mama wa heshima. "Shallon atatembea."