Kisanduku cha Pancha cha Baba Yako

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, Gwakisa mwanangu, ni siku moja ya masika nilipokaa juu ya tuta la mpunga nikimwangalia baba yako akiiua tyubu ya pikipiki kwa mikono yake mwenyewe. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni na mama yako. Habari hii nimekaa nayo miaka yote, na sikuwa na nia ya kukupa. Lakini jana ulinionyesha kwenye simu picha ya vifaa vya pancha unavyotaka kuagiza, vimepangwa vizuri ndani ya kisanduku, ukaniuliza, "Mama mkubwa, si vizuri hivi?" Nikakurudishia simu, ukadhani macho yangu yameanza kuchoka. Macho yangu yanaona, mwanangu. Kaa hapo nikwambie.

Baba yako ni mdogo wake mume wangu, kwa hiyo wewe ni mwanangu, na mwana husemwa akasemeka. Ukitaka kukasirika, kasirika ukiwa umekaa.

Siwezi kumnyima baba yako sifa yake. Hapa kwetu Njisi, mpakani, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kununua pikipiki ambayo haikuwa ya kanisa wala ya ofisi. Alibeba kakao, alibeba mchele, alibeba wagonjwa na wakwe za watu. Chini ya kiti alikuwa na kopo la zamani la maziwa lililoshika kutu. Humo mlikuwa na viraka, gundi, kipande cha msasa na vyuma viwili bapa vya kubandulia tairi. Pampu ya mkono aliifunga ubavuni kwa mpira. Lilikuwa kopo baya, hata mama yako alilionea haya. Lakini nilimwona kwa macho yangu akiziba pancha njiani huku watu wakipiga soga, akamaliza na soga bado ni tamu.

Kisha rafiki yake mmoja akarudi kutoka Afrika Kusini alikokuwa akifanya kazi, akamletea kisanduku chekundu. Kilifunguliwa barazani mbele ya watu. Ndani kulikuwa na vyuma viwili vyenye mishikio mizuri, kimoja chenye meno kama tupa na kingine chenye tundu kama sindano ya magunia. Kulikuwa na vijinyuzi vinene vyeusi vya mpira vinavyonata, na vimtungi viwili vya hewa, vidogo mno, unavyoweza kuvificha kiganjani. Baba yako aliinama, akapokea kwa mikono miwili, akasema ndaga fijo, asante sana, zaidi ya mara moja. Kikapitishwa mkono kwa mkono. Kimtungi kimoja akakimalizia palepale kwenye mpira wa watoto, ukajaa kufumba na kufumbua, na watu wakapiga makofi.

Hakuna aliyeuliza kifaa kile ni cha tairi la namna gani. Kwetu mtu akikuletea zawadi kutoka mbali huanzi kuikagua mbele yake, maana ni kama kumwambia amekosea njia. Hilo naliheshimu. Lakini mgeni aliondoka, siku zikapita, na baba yako hakukifungua tena ila kuwaonyesha watu. Lile kopo akawapa watoto wachezee, wakachimbia udongo mpaka likatoboka. Pampu aliipeleka wapi sijui.

Basi mama yangu akafariki kule kwetu Mwaya. Alifariki jioni, mtandao ulikuwa umekatika kwa mvua, habari ikanifikia asubuhi. Kaka yangu alisema kwenye simu kwamba wazee wameamua azikwe siku hiyohiyo mchana, kando ya baba, ndani ya migomba. Wewe unaijua Mwaya wakati wa masika. Ukichimba shimo, maji huanza kutoka chini kabla hata mvua haijanyesha juu. Kaburi haliwezi kulala wazi, na wala halisubiri mtu anayechelewa. Kaka alisema, "Njoo upesi, tutakungoja mpaka tutakaposhindwa."

Mume wangu alikuwa upande wa Malawi na biashara yake ya mchele, kwa hiyo baba yako akasema atanipeleka yeye. Nilimshukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Nilikaa nyuma yake nimejifunga kanga mbili, nikilia bila sauti, naye aliendesha kwa uangalifu. Tulipita Kyela mjini, tukashika njia ya kuelekea ziwani. Tulipokuwa katikati ya mashamba ya mpunga, maji kulia, maji kushoto, gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Tukashuka. Ulikuwa msumari, sijui umeanguka kutoka kwenye mbao za nani. Msumari mdogo tu.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo moyo wangu ulipochubuka. Baba yako alitabasamu. Akaniambia, "Usiwe na wasiwasi shemeji, leo utaona kazi ya kisanduku." Nilimwona anafurahi. Mama yangu amelala ndani ya jeneza, watu wananingoja, na yeye anafurahi kwamba hatimaye amepata nafasi ya kukitumia.

Akaung'oa msumari. Akakidunga kile chuma cha meno palepale kwenye tundu, akakisokota na kukisukuma kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akapachika kijinyuzi kwenye kile chuma kingine, akakichomeka, akakata ncha iliyobaki. Kwa nje, mwanangu, palipendeza kabisa. Akachukua kimtungi kilichobaki, akakifungulia. Hewa ikaingia ikilia, na hewa ileile ikatokea upande wa pili, pale kwenye rimu, kama mtu anayekusonya. Tairi halikuinuka. Na kimtungi kikawa kimekwisha.

Vifaa vile ni vya matairi yasiyo na tyubu, yanayoshika hewa yenyewe. Tairi la baba yako lilikuwa na tyubu ndani, kama lako hilo. Kwa hiyo alipokisokota kile chuma hakuwa anaziba kitu. Alikuwa anaitoboa tyubu upya na kuichana.

Tukakaa pale. Baadaye akatokea mwendesha pikipiki mwingine aliyembeba mama mgonjwa na mtoto wake. Alisimama, Mungu ambariki popote alipo. Akatoa vyuma vyake vya kubandulia, akalilegeza tairi, akaivuta tyubu nje. Palikuwa na mchano ambao vidole vyangu viwili vingepita. Akamtazama baba yako, akasema, "Tundu la msumari lingezibwa kwa kiraka kimoja, tukaondoka. Hiki ulichokifanya wewe sina cha kukizibia." Kisha akaniomba radhi kwamba hana nafasi ya kunibeba, akaenda zake na mgonjwa wake.

Nikavua viatu, nikatembea. Kaka yangu akapiga simu, akasema maji yameanza kuingia, vijana wanayateka kwa ndoo. Nikamwambia nakuja. Akapiga tena, akasema vijana wamechoka, wamepokezana na wengine, mchungaji anauliza niko wapi. Nikamwambia nakuja. Tope lilikuwa linanishika miguu, nikawa nakimbia na kuanguka. Halafu simu zikakoma. Nilijua maana yake, lakini niliendelea kukimbia, kama mtu anayekimbiza basi lililokwisha kuondoka.

Niliwakuta wanapiga udongo kwa majembe. Wanawake walikuwa wanaimba. Kaka yangu alinijia akiwa amelowa mpaka kifuani, kwa kuwa mwishowe alishuka yeye mwenyewe kuteka maji ya kaburi la mama yake ili mimi niwahi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Maji yalitushinda." Sikumwona mama uso. Mpaka leo nikifumba macho kumkumbuka, naona udongo mbichi wenye alama za majembe.

Baba yako alifika jioni anasukuma pikipiki. Nilitazamia aje kwangu aseme neno. Alikwenda kukaa na wanaume, nikamsikia akiwaeleza kwamba ilikuwa bahati mbaya tu, kwa sababu vifaa vyote alikuwa navyo. Akakitoa na kisanduku, akakifungua mbele ya waombolezaji ili wathibitishe. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Akakiomba. Alikitazama kwa muda, akakifunika.

"Tata," akamwita kwa heshima, kama tunavyomwita mwanaume hata akiwa kijana, "hiki ulikichagua kwa ajili ya tairi lako, au kwa ajili ya macho yetu?"

Baba yako akajibu kwamba hakukichagua, aliletewa.

Mjomba akamrudishia. "Basi binti yetu amekosa kumzika mama yake kwa sababu ulikuwa unabeba kitu ulicholetewa."

Na hata baada ya hayo, mwanangu, baba yako hakuniomba radhi. Hajaniomba mpaka leo. Akisimulia safari ile husema barabara ya Mwaya ilikuwa mbovu. Tunakula pamoja, tunasalimiana asubuhi, kwenye misiba tunakaa kama ukoo mmoja. Lakini nimemkasirikia, na sitaki kukudanganya kwamba uzee umenipunguzia. Ningemsamehe ujinga wa vifaa siku ileile, kwani nani alizaliwa anajua? Kilichonikaa kooni ni lile neno bahati mbaya.

Kwa hiyo nakwambia. Kabla ya kuagiza chochote, inama ulitazame tairi lako. Lina tyubu, basi hivyo ulivyonionyesha kwenye simu si vyako hata vikiwa vya dhahabu. Tafuta vyuma imara vya kubandulia, visivyopinda ukivikandamiza. Chukua viraka na msasa, na gundi ndogondogo badala ya moja kubwa, maana gundi ikishafunguliwa hukauka ndani ya chupa yake bila kukuaga. Pampu iwe ya mkono. Najua inachosha, na kimtungi hakichoshi, ila kimtungi kikiisha kimeisha, na mkono wako utakuwa nao siku zote. Spana nayo ipime kwenye nati za gurudumu lako mwenyewe, usiambiwe tu na muuzaji kwamba inaingia. Tyubu ya akiba ikienea chini ya kiti, ibebe. Halafu siku moja nenda nyuma ya nyumba peke yako, bila mtu wa kukupigia makofi, ulitoe gurudumu, uzibe, ujaze, ulirudishe. Ukishindwa hapo, umeshindwa nyumbani, na hakuna anayekungoja. Mwenzako akiomba kuazima vifaa vyako, mpe, lakini vikirudi fungua utazame kabla hajaondoka, akuone mchoyo akitaka. Na ukiletewa zawadi, ipokee kwa mikono miwili, shukuru sana, uiweke kabatini mpaka ujue ni ya nini.

Nakusema hivi kwa sababu ya Atupele, binti yangu wa kumzaa. Dada yako ameolewa Lyulilo kule, anauza vyungu sokoni, na kutoka kwake kuja hapa ni njia ndefu ya mabonde na maji. Kifua changu unakisikia usiku kinavyokoroma. Siku watakapompigia simu, nyumba hii itakutuma wewe kumleta, kwa kuwa pikipiki ni yako. Sitaki akae juu ya tuta la mpunga anakuangalia.

Mungu akulinde barabarani, Gwakisa. Akupe abiria wema na riziki isiyokwisha, akukinge na malori na usingizi, kila anayekungoja akuone ukitokea. Na siku yangu ikifika, akujalie ufike na mwanangu kabla hawajanifunika.