Redio Iliyofia Sebuleni Kwangu

Naisimulia mwenyewe kwa sababu Mjomba Ndahani ameshaanza kuizungusha kwa watu, na yeye akisimulia ananirusha juu mpaka kichwa kinagonga bati, wakati ukweli ni kwamba niligonga meza tu, tena kwa chini. Aibu ni yangu, acha niipime mwenyewe.

Mimi ni mtu wa ndani. Mke wangu Sechelela ndiye anayetoka asubuhi kwenda kazini mjini, mimi nabaki hapa Mkonze na kuku wangu wa mayai, nafua, nafagia, naangalia sufuria, na kuna kazi moja tuliyokubaliana kwamba ni yangu peke yangu: luku. Yeye ananunua umeme kwa simu, ananitumia zile namba, mimi naenda ukuta wa nje kuziingiza kwenye mita. Basi. Ni kazi ambayo jogoo wangu angekuwa na vidole ningemwachia.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunamsubiri mama mkwe kutoka Gulwe na huyo kaka yake, Mjomba Ndahani, wanaleta redio ya marehemu baba mkwe. Ni redio ya zamani, ya mbao, ile yenye taa za vioo tumboni, nzito kama mbuzi aliyegoma kutembea. Seche aliitamani tangu msiba uishe (walipokuwa wadogo ilikuwa haiguswi, baba anaiwasha mwenyewe, wao wanakaa mkekani na kunyamaza), na mama yake alikubali kumwachia kwa sharti moja tu, kwamba aisikie kwanza ikiongea hapa kwetu. Ikigoma, anarudi nayo. "Siwezi kuiacha mahali igeuke stuli ya kuwekea maua," alisema kwenye simu.

Asubuhi Seche akanitumia namba za luku, yeye jikoni mimi sebuleni, kisha akapaza sauti, "Ingiza sasa hivi, imebaki kidogo sana!" Nikajibu naingiza. Lakini nilikuwa na chai mkononi, nikajiambia nikimaliza chai, chai ikaisha kuku mmoja akatoroka bandani, kuku kukamatwa wageni hao wanapiga hodi, na namba zimelala kwenye simu yangu usingizi mzito.

Sasa lazima mnielewe kuhusu mimi na mama mkwe. Kwa desturi ya kwao, ambayo nami nimeizoea, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawapigi soga. Hata tukiwa chumba kimoja maneno yanapita kwa Seche, yanaenda yanarudi kama ndoo ya maji kisimani. Kwa hiyo nilipochomoa plagi ya runinga, nikachomeka ya redio, nikazungusha kitufe na kukawa kimya, mama mkwe aliuambia ukuta: "Seche, muulize mwenzio, mbona haiongei? Juzi kwangu imeongea."

Hapo ningesema sijui. Neno fupi, halina gharama. Badala yake nikasema, "Mwambie mama asiwe na wasiwasi, hizi nazijua."

Nazijua! Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne, na wiki ambayo mwalimu wa Fizikia alifundisha umeme nilikuwa nyumbani na matumbwitumbwi.

Nikaleta bisibisi. Nikafungua mgongo wa redio, nikakuta buibui na ukoo wake, nikapuliza vumbi likarudi lote usoni kwangu. Nikazing'oa taa moja moja, nikazifuta kwa shati, nikazirudisha. Kimya. Nikawaza fyuzi, nikaenda kutoa fyuzi kwenye plagi ya pasi, nikaiweka kwenye plagi ya redio. Kimya. Basi nipime soketi, nikaingia chini ya meza, nikachomeka testa ndani ya soketi, testa haikuwaka. Mtu mwenye akili timamu hapo angesimama kidogo akafikiri. Mimi nikasema, "Na testa nayo imekufa." Ili kuhakikisha nikachomeka pasi, ikabaki baridi, nikakumbuka kwamba fyuzi yake nimeshaitoa, nikairudisha plagi ya redio mahali pake, nikaridhika kabisa na uchunguzi wangu.

"Muulize ni ugonjwa gani," mama mkwe akauambia ukuta.

Nikatoka chini ya meza (ndipo nilipogonga kichwa), uso mweusi kwa vumbi, nikatoa hukumu. "Mwambie mama kwamba imeungua ndani. Taa kubwa imekwenda. Na taa hizi hazitengenezwi tena, kwa hiyo ndiyo hivyo, imekufa."

Seche alimgeukia mama yake, lakini hakurudia. Ile ndoo ya maneno ilikatikia kamba njiani. Akaingia jikoni, nikasikia anakoroga mlenda ambao ulishakorogeka zamani.

Mama mkwe akavuta khanga mabegani. "Basi nitaondoka nayo," akasema polepole. "Ikafie kwao."

Tukala. Ugali wa uwele, mlenda, kuku yule yule aliyetoroka asubuhi. Katikati ya chakula Mjomba akainuka, akachomoa simu yake kwenye soketi ya ukumbini, akaitazama, akaitikisa. "Huyu naye kagoma kula. Nimemchomeka tangu tufike."

Seche akanitazama. Hakunitazama kwa ukali, afadhali angefanya hivyo. Akaniinamia sikioni kama anayeniongezea mboga. "Luku uliingiza?"

Nikalirudisha tonge sahanini.

Kwa bahati Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, alisimama kuomba kabla ya safari, na maombi ya Mjomba huwa hayana haraka. Macho yote yakafumbwa. Nikanyata mpaka nje nikiwa na simu, nikaziingiza namba kwa vidole vyenye mlenda, nikakosea, nikarudia, mita ikakubali. Nikarudi nikanyata, nikafumba macho na kukunja mikono kama malaika. Redio ilikuwa bado kwenye umeme, lakini hakuna hata kimwanga kilichowaka. Nikamshukuru Mungu kwamba angalau imekufa kweli.

Kumbe kile kitaa cha mbele kiliungua miaka mingi iliyopita, na redio za aina hiyo zinapasha moto kwanza ndipo ziseme. Kumbe pia nilipokuwa nafanya ufundi nilizungusha kila kitufe mpaka mwisho na sikurudisha hata kimoja.

Mjomba alikuwa amefika kwa marehemu. "Tunamkumbuka ndugu yetu, ambaye sauti yake hatutaisikia tena katika..."

SHWAAAAA! Kisha dume la mtu likapiga kelele kwa lugha ambayo mpaka leo hakuna aliyeijua.

Mjomba aliruka (yeye ndiye aliyeruka, siyo mimi), akaketi kwenye bakuli la mlenda. Kuku wote nyuma wakapiga mayowe. Na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akanigeukia uso kwa uso. "Wewe! Punguza!"

Nikapunguza. Yule mtu akashuka, akawa anaongea kistaarabu.

"Si ulisema imekufa?" Mjomba akauliza, anajifuta nyuma.

"Mama," Seche akasema, naye midomo inamcheza, "luku ilikuwa imeisha. Namba anazo tangu asubuhi."

Mama mkwe akaficha uso kwenye khanga. Nilidhani analia, mabega yanatikisika. Alipojifunua, macho yalikuwa yamelowa kwa kicheko, akakaa mkekani karibu na redio akamsikiliza yule mgeni mpaka alipomaliza hotuba yake. Kisha akarudi kwenye desturi, akauambia ukuta:

"Seche, mwambie mwenzio redio naiacha. Ila luku uwe unaingiza wewe."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Seche akirudi kazini anapita kwenye mita kwanza, mimi nimebaki na kuku. Siku hizi kitu kikigoma humu ndani sikigusi, sikifungui, wala sikitangazii msiba. Nawasha taa ya sebuleni, hata kama ni saa saba mchana na jua la Dodoma linachoma bati, kisha naizima, naendelea na mambo yangu.