Godoro Kwenye Daraja la Biashara

Mjuaji mmoja akikaa nyumbani, wote mnaumia. Wangu nimeolewa naye. Kule karakana tunamwita Profesa, na msidhani ni kwa heshima. Jina nilimpa mimi mwenyewe, siku alipomfundisha fundi umeme namna ya kuunga waya, tukalala gizani. Huyo ndiye aliyemwelekeza dada yake safari ya ndege, wakati yeye ndege anaijua kwa kuinua shingo.

Dada yake ndiye wifi yangu, na leo namsimulia yeye. Watu wanamwita Mama Sufi. Anashona magodoro tangu hajaolewa, zamani ya sufi, siku hizi zaidi ya sponji, lakini akitokea mteja anayetaka sufi, wifi anaamka mapema bila kuamshwa. Karakana yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vyombo. Vumbi la sufi linakaa kwenye nyusi, kwenye chai, mpaka masikioni. Yeye anainama juu ya godoro na ile sindano yake ndefu, anaipenyeza juu ikatokee chini, anavuta uzi huku kakanyaga kwa mguu. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea binti yake wa pekee, na ndiyo iliyomla mgongo. Yeye mwenyewe, msicheke, analalia vipande vya sponji vilivyobaki, kavipanga juu ya mkeka. Nikimwambia, "Wifi, jishonee na lako," ananijibu, "Nikimaliza ya watu, wifi." Ya watu hayajaisha mpaka leo.

Binti ameolewa ng'ambo. Uzazi wa kwanza ulimkuta peke yake. Mumewe alikuwa kazini mbali, na mama yake huku yuko chini na mgongo, hata kugeuka hawezi. Mtoto alitoka salama, tunashukuru, lakini yule binti alinipigia simu akalia. "Anti," aliniambia, "nilikuwa nashika chuma cha kitanda." Mimi ni mkaza mjomba wake tu, sikumzaa, na neno hilo lilinichoma. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi fikiria mama yake.

Safari hii, ya mtoto wa pili, binti aliapa mama yake awepo. Daktari akasema sawa, aende, lakini si kwa kukaa wima njia nzima. Mgongo ule ukikaa saa zote hizo, atashuka amepinda, hatafaa kubeba hata birika. Ndipo binti na mumewe wakajibana, wakamkatia tiketi ya kule mbele ya ndege. Binti akapiga simu, mtandao unakatikakatika.

"Mama, nimekukatia daraja la biashara. Ulale, mama, umesikia? Ulale! Ukija umepinda, nani atanishika?"

Wifi akasema amesikia. Alichosikia ni usingizi. Alipokata simu akanigeukia, "Kulala nako kwa kuhimizwa? Mimi nasinzia hata nikivua viatu." Kwamba kiti cha humo kinanyooka kikawa kitanda, binti alidhani tunajua, nasi tungejulia wapi?

Kilichotutatiza sisi ni hilo neno biashara. Profesa akakohoa kidogo, na akikohoa hivyo ujue anaanza kutunga.

"Daraja la biashara," akasema, "ni la wafanyabiashara. Humo kila kitu ni biashara. Maji, biashara. Chakula, biashara. Blanketi, biashara. Wanakuletea huku wanatabasamu. Ukishapokea tu, umekwisha."

"Sasa nifanyeje, kaka?"

"Wakikuletea kitu, sema asante, nimetosheka. Na ukiulizwa unakwenda kufanya nini, jibu biashara. Usijiumbue."

Nikamuuliza, "Wewe umepanda ndege lini?"

"Nimesindikiza watu uwanjani mara ngapi?"

Nikaachana naye, maana chungu kilikuwa kinaungua. Wifi akafunga sanduku lake. Godoro dogo alilomshonea mjukuu, la sufi tupu aliyoichambua mbegu kwa mkono, hakutaka kulitia humo lisije likabanwa. Akalikunja akalibeba kwapani.

Mambo yalianza kumchanganya tangu uwanjani. Alijipanga kwenye mstari mrefu, mfanyakazi akaitazama tiketi yake, akamwambia, "Mama, wewe si wa huku," akamtoa. Wifi akajua ndiyo basi, kafukuzwa kabla hajafika. Kumbe anapelekwa kwenye mstari usio na mtu, wenye zulia. Alipoliona zulia akavua viatu. Wakamwambia avae.

Kisha akafika kwa ofisa wa pasipoti.

"Safari ya nini, mama?"

"Biashara."

"Biashara gani?"

"Magodoro."

Ofisa akaisoma viza, akamtazama, akaisoma tena. "Hapa imeandikwa unakwenda kumtembelea binti yako."

"Ndiyo."

"Sasa biashara iko wapi?"

"Iko kwenye tiketi, baba."

Ofisa akaweka kalamu chini. "Mama, viza ya matembezi na maneno ya biashara haviendi pamoja. Ukisema hivi huko mbele, wanaweza kukurudisha."

Neno hilo la kurudishwa lilimkata maini. Mafundisho yote ya Profesa yakamtoka. "Mwanangu anazaa, baba! Mara ya kwanza alizaa peke yake. Mimi nakwenda kumshika, basi. Magodoro nimeyaacha nyumbani."

"Na hilo la kwapani?"

"La mjukuu."

Ofisa akagonga muhuri. "Huko mbele sema hivyo hivyo, mama. Hiyo biashara iache hapa mezani kwangu."

Sasa mwulizeni wifi alielewa nini. Tiketi inasema biashara, ofisa anasema usitaje biashara. Akaona labda hiyo biashara ya humo ndani ni ya magendo. Walipomwingiza kwenye chumba cha kusubiri, akakuta chakula kimejaa meza nzima na muuzaji haonekani. "Wifi," aliniambia baadaye, "nikajua ule ni mtego." Akakaa karibu na mlango, kakumbatia godoro, njaa inamuuma, huku watu wanajipakulia na kuondoka bila kulipa. Alisubiri aone watakamatwa wapi.

Ndani ya ndege mhudumu, mwanamke kijana mwenye bashasha, akamwonyesha kiti chake. Wifi alikibonyeza kwanza kwa kiganja kama anavyobonyeza magodoro ya wateja. Sponji ya maana, alisema, ila mshono umeruka mahali pamoja. Kisha akakaa ukingoni, kama mtu aliyekwenda kuposa.

Kikaja kitambaa cha moto cha kujifutia. "Asante, nimetosheka." Ikaja juisi. "Nimetosheka." Ikaja karatasi ya vyakula, akaisoma kutoka juu mpaka chini akitafuta bei. Hakuna bei. Na yeye ni mtu wa kazi ya mikono, anajua kwamba kitu kisichotajwa bei ndicho kitakachokunyonga. Akairudisha. Tumbo likanguruma mpaka bwana mmoja mwenye tai, aliyekaa jirani yake, akageuka.

"Hata maji tu, mama?" mhudumu akauliza.

"Nimetosheka, binti yangu."

Mhudumu akaduwaa. Mtu midomo imemkauka, anasema katosheka!

Taa zikapunguzwa, na mgongo nao ukaanza. Kwanza ulibisha hodi, halafu ukaingia wenyewe. Wifi akajinyoosha huku, akajinyoosha kule, akajaribu kusinzia kama alivyoagizwa, wapi. Akawa anawaza atashukaje kwenye ngazi. Mara akasikia kitu kinavuma kando yake. Kugeuka, bwana wa tai anadidimia! Miguu inakwenda mbele, kichwa kinarudi nyuma, taratibu, mpaka kalala chali na macho kafumba.

"Jamani! Bwana kaanguka! Kiti kimemvunjikia!"

Bwana wa tai akaruka akakaa, blanketi shingoni. Mhudumu akaja mbio, akatazama, akajizuia asicheke.

"Hajaanguka, mama. Amelala. Viti hivi vinakuwa vitanda. Na wewe nikutandikie?"

Hapo ndipo sauti ya binti yake ilipomrudia. Ulale, mama. Kumbe si usingizi! Ni kulala kwenyewe, kwa mgongo. Wifi akaelewa nusu. Nusu ya pili Profesa alikuwa ameshaiharibu, kwa sababu kama maji ni biashara, kitanda je?

Alifungua mdomo aseme nimetosheka, neno likagoma. Mgongo ulikuwa umeshika mpaka kwenye nyonga. Akamwona mwanawe anavyoshika chuma. Basi akalitoa lile godoro kwapani, akalikunjua, akamnyooshea mhudumu kwa mikono miwili.

"Binti yangu, sikufichi. Hela ya kitanda sina. Lakini hili ni la sufi halisi, nimeshona kwa mkono wangu, haliwezi kubonyea. Lichukue, unitandikie. Nikifika nimepinda, mwanangu nitamfaa nini?"

Mhudumu akalishika bila kuelewa. "La nani hili, mama?"

"Lilikuwa la mjukuu. Atanisamehe, hajazaliwa bado."

Mhudumu akachutama mbele yake, godoro magotini. "Mama, kitanda ni chako. Kimeshalipiwa. Chakula, maji, vyote vimeshalipiwa."

"Na nani?"

"Na huyo aliyekukatia tiketi."

"Hata kile kitambaa cha moto?"

"Hata kitambaa."

Wifi aliuliza tena, na tena. Kuuliza si ujinga, ila angeuliza mapema tusingefika huku. Wala simlaumu yeye, namlaumu ninayemjua.

Mhudumu akabonyeza kitufe, kiti kikanyooka. Akatandaza kigodoro chembamba, akavuta shuka, akakunja pembe. Wifi alisimama kando kashika kiti cha mbele, anatazama. Maisha yake yote ni yeye anayewaandalia watu pa kulala. Hapo akaanza kulia, na hakujua analia nini hasa, mgongo au furaha au aibu ya kukataa maji. "Wifi," aliniambia kwenye simu, "tangu mama afe, hakuna mtu aliyenitandikia." Na mimi naishi naye ua mmoja. Nilijisikia vibaya sana.

Akalala chali, godoro la mjukuu kaliweka pembeni. Alilala mpaka mhudumu alipomgusa bega, wanakaribia kutua. Ndipo akadai haki zake zote. Leteni chakula, leteni juisi, na kile kitambaa pia kileteni! Kilichowezekana kililetwa. Alikula mkanda umefungwa, na bwana wa tai akamsogezea biskuti zake, nadhani kwa kuogopa atapigiwa kelele tena.

Mkwe wake alikuwa anamsubiri nje ya uwanja, shati kalivaa nje ndani. Hakumpeleka nyumbani. Uchungu ulikuwa umeanza. Njia nzima mkwe anaeleza barabara gani na hospitali gani, wifi haelewi hata moja, anachojua ni kwamba ameshuka kwenye ngazi zile mwenyewe, wima, bila kushikwa.

Huko hospitali akamfikisha chumbani. Binti yuko kitandani, jasho linamtiririka, mkono wake umekamata chuma cha kitanda mpaka vifundo vya vidole vimetokeza. Alipomwona mama yake mlangoni, na godoro lake kwapani, hakusalimia wala hakuuliza habari za nyumbani.

"Mama, ulilala?"

"Nililala, mwanangu. Chali."

Binti akaachia chuma.

"Basi nishike."